Demani Ikifika, Moto wa Chumbani Utoke

Ndugu zetu wa Makete, Njombe na Lushoto watacheka wakisoma ya kuwa hata sisi tunaokaa Unguja huota moto. Kwao huko milimani, mwezi wa Juni na Julai, umande huganda juu ya majani ukawa mweupe, na mtoto huenda shule amejitanda blanketi. Katika uwanda wa Kitulo, ulio juu ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, asubuhi ya Julai mtu wa pwani hataki hata kusimuliwa. Kwetu Makunduchi, kusini kabisa mwa kisiwa, hata usiku ulio wa baridi kuliko zote joto halishuki sana chini ya nyuzi 20. Je, hiyo nayo ni baridi?

Ni baridi, kwa maana mwili hupima kwa mazoea wala hautazami kipimajoto. Mtu aliyezoea jua la Februari, akilala katika nyumba ya mawe iliyo karibu na pwani, na upepo wa kusi unavuma usiku kucha kutoka baharini, huamka amejikunja kama jongoo. Mzee ndiye huona zaidi. Basi kila mwaka kipupwe kinapoanza utaona seredani zinaingizwa vyumbani. Huyu ana bibi yake mwenye maumivu ya viungo, yule ana binti aliyejifungua. Jirani ya hapo hana mgonjwa wala mzazi, ila watoto wake wamependa kukaa jikoni penye mafiga mpaka usingizi uwachukue, na yeye hana moyo wa kuwafukuza.

Moto huo kuingia si ajabu. Neno langu la leo ni juu ya kutoka kwake, kwa maana moto unaoingizwa ndani kwa sababu ya baridi una tabia mbaya ya kubaki baridi ikisha kuondoka. Mwezi wa Juni uliingia kwa haja, na mwezi wa Oktoba umekuwa mazoea. Huku pwani hata milimani, nyumba nyingi zina siku ya kuanza kuota moto lakini hazina siku ya kuacha.

Watu wa pwani wamegawa mwaka kwa pepo. Kipupwe ni Juni mpaka Agosti, wakati kusi lina nguvu. Halafu kusi hulegea, bahari hutulia kidogo kidogo, na siku huwa nzuri, si baridi wala si joto la kuchoma, hata zije mvua za vuli katika Oktoba na Novemba. Majira hayo ya kusi kulegea, Agosti mpaka Oktoba, ndiyo Demani. Mabaharia wanalijua neno hilo kwa namna nyingine pia: demani ni kamba ya tanga, na upande wa demani wa chombo ni ule uliokingwa na upepo. Wao wa Ulaya wakisifu majira yao ya kuchipua, mwezi wa Machi na Aprili, wakati theluji inapoyeyuka na majiko ya kuni ya nyumbani yanapoachwa yapoe, nasi tunayo Demani yetu, ingawa hatuisifu hata kidogo.

Je, siku ya kuutoa moto yaweza kuwekwa katika kalenda? Hapa Makunduchi swali hili lina historia nzuri, nami naomba nikae nalo kidogo.

Kila mwaka mwezi wa Julai mji huu husherehekea Mwaka Kogwa, yaani mwaka wa kuoga, mwaka mpya wa Washirazi. Wanaume wa upande mmoja wa mji hupambana na wa upande wa pili kwa mashina ya migomba, kinyongo cha mwaka uliopita kiishe hapo uwanjani. Wanawake huimba wamevaa nguo zao nzuri. Kibanda cha makuti hujengwa, huingiwa, hutiwa moto, na aliyekuwa ndani hutoka salama. Moshi nao hutazamwa unaelekea wapi. Sisi Wakristo wachache wa huku ni wageni katika sherehe hiyo, lakini mgeni siku hiyo hutafutwa, kwa kuwa desturi yataka kila nyumba iwe na mgeni wa kula naye. Na zamani, katika mwaka mpya huu wa pwani, watu walizima moto wa zamani nyumbani, wakatupa majivu yake, kisha wakawasha moto mpya kwa kupekecha vijiti. Kila nyumba basi ilikuwa na siku moja katika mwaka ambayo mafiga yake yalipoa.

Asili ya sikukuu hii ni Nauruzi ya Uajemi. Huko Uajemi Nauruzi husherehekewa siku ya kwanza ya majira ya kuchipua, tarehe 20 au 21 Machi, na usiku wa kuamkia Jumatano ya mwisho kabla yake watu huruka juu ya mioto barabarani. Ni sikukuu ya kuaga baridi. Imekuwaje basi Makunduchi tuipokee mwezi wa Julai, katikati ya kipupwe, wakati bibi zetu ndipo kwanza wanaomba mkaa? Jibu ni hesabu tu. Mwaka wa zamani wa pwani una siku 365 kamili: miongo 36 ya siku kumikumi, na siku 5 za kumalizia. Wakulima na wavuvi waliuhesabu hivyo kujua wakati wa kupanda na wakati wa kusafiri. Lakini jua lenyewe hutumia siku 365 na karibu robo ya siku. Asiyeongeza siku moja kila miaka 4 huachwa na jua: katika miaka 100 mwaka wake utakuwa umerudi nyuma siku 25 hivi. Wazungu waliokuwa Unguja katikati ya karne ya 19 waliikuta sikukuu hii mwishoni mwa Agosti. Leo iko Julai. Wajukuu wa wajukuu zetu wataicheza mwezi wa Juni.

Wala tusiwacheke wazee wa Makunduchi kwa jambo hili. Kanisa nalo lilipatwa na mambo hayo hayo. Kalenda iliyotumika tangu siku za Julius Caesar ilikuwa na siku ya nyongeza, lakini ilizidisha kidogo, na kufika karne ya 16 majira ya kuchipua yalikuwa yamehama siku 10 katika kalenda, na Pasaka ilikuwa ikijitenga na wakati wake. Papa Gregori wa 13 akaitengeneza mwaka 1582: watu walilala tarehe 4 Oktoba, wakaamka tarehe 15. Sisi Wakatoliki twaujua moto mpya wa Mkesha wa Pasaka, unaobarikiwa nje ya kanisa gizani. Katika nchi kadha za Ulaya familia walikuwa wakizima moto wa nyumbani Jumamosi Kuu, wakachukua kaa la moto uliobarikiwa kanisani, wakauwasha upya. Huko ulikuwa ni wakati hasa wa baridi kwisha, basi sala na hali ya hewa vilikwenda pamoja.

Nimeeleza hayo yote kwa sababu moja. Sikukuu zaweza kutufundisha kwamba moto una mwisho wake na mwanzo wake. Tarehe yenyewe haiwezi kutuambia. Mwaka mmoja kusi hulegea mapema, mwaka mwingine huchelewa, na Makete si Makunduchi. Yafaa kutazama dalili. Ukiamka usiku ukakuta watoto wamelitupa shuka, moto umekwisha kazi. Ukigusa ukuta wa chumba alfajiri usione baridi ya mawe mkononi, umekwisha kazi. Milimani, siku ile mama anapofungua mlango wa jiko asubuhi ili apate hewa, wala si kwa sababu ya mbuzi, hapo moto wa usiku umezidi. Na mimi ningesema, dalili ya kwanza ikionekana usingoje ya pili.

Kwa nini haraka hiyo? Kwa sababu moto wa ndani hutoza kodi kila usiku, hata usiku ambao hautupi faida.

Kodi ya kwanza ni moshi. Shirika la Afya Duniani limehesabu ya kuwa katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, ile itokayo katika kuni, mkaa, samadi na mafuta ya taa. Miongoni mwao walikuwamo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka 5. Mtoto mchanga anayebebwa mgongoni mama akipuliza moto hupumua moshi ule ule anaoupumua mama, lakini kwa mapafu yaliyo madogo kama ngumi yake. Vichomi, yaani nimonia, humpata kwa urahisi. Mama naye huharibika macho na kifua polepole, na kwa kuwa ni polepole husema ni uzee. Masizi meusi yanayoning'inia katika dari ya jiko ndiyo yaliyokosa njia ya kuingia vifuani, mengine yaliipata.

Kodi ya pili haionekani, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Mkaa hauna moshi mwingi, basi watu huudhani ni safi. Lakini mkaa unaowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haikwarui koo. Ikiingia mwilini hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko ile hewa njema tunayoihitaji, hivi kwamba mtu anapumua vizuri na huku mwili unakosa pumzi. Huanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, miguu kulegea. Aliye macho aweza kutoka nje. Aliyelala hasikii kitu, huenda kutoka usingizi mpaka mauti bila kugeuka. Aliye tumboni mwa mama na aliyezaliwa jana huumia kabla ya mtu mzima.

Sasa fikirini chumba cha mzazi. Desturi ya pwani yataka mama aliyejifungua akae ndani siku 40, akandwe maji ya moto, apashwe mwili joto, hata pengine kaa la moto likawekwa chini ya kitanda chake. Si Waislamu tu. Na sisi wa madhehebu mengine tunaokaa pwani tumeishika. Nia yake ni njema kabisa. Ni mapenzi ya mama mkwe na mkunga kwa mtu aliyetoka katika hatari.

Mwaka fulani, Demani imekwisha ingia, nilikwenda kumpongeza jirani mmoja aliyepata mjukuu. Chumba kilikuwa kimefungwa, na seredani imo ndani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, mtazame mgeni wetu."

"Hongera sana, bibi. Na huyu mgeni mwingine, huyu mwenye macho mekundu hapo pembeni, atatoka lini?"

Akacheka. "Moto? Moto utatoka mzazi akimaliza arobaini."

"Na dirisha, bibi?"

"Dirisha likifunguliwa upepo utampiga. Wala usiogope, mkaa huu umekwisha kuwa mweupe, hauna ubaya tena. Mimi niliwekewa moto kwa watoto saba, na wote wamekua."

Sikubishana naye, kwa maana asemalo kuhusu watoto saba ni kweli. Nilimwuliza tu alizalia katika nyumba ya namna gani. Akaeleza: kuta za fito na udongo, paa la makuti, mlango wa ubao usiofika chini. Hapo akanyamaza, akatazama juu. Chumba tulichokuwamo kilikuwa cha matofali ya saruji, kina bati na dari ya mbao, na dirisha la kioo linalofungwa barabara. Mwanawe aliyajenga hayo yote kwa jasho lake ili mama asivujiwe na mvua.

Hilo ndilo jambo lenyewe, wasomaji. Desturi ya moto wa chumbani ilizaliwa katika nyumba zinazopumua. Makuti hupitisha hewa kama kikapu; sumu ya mkaa ilipanda ikatoka bila mtu kujua kwamba ilikuwapo. Tumebadili nyumba, tumeziba kila tundu, na tumeuacha moto pale pale. Mkaa kuwa mweupe si dalili ya usalama hata kidogo. Weupe ni jivu la juu, na ndani ungali unaungua na kutoa sumu ile. Wale wanaofukia kaa kwa majivu usiku ili wapate moto asubuhi, nao wajue kwamba kaa lililofukiwa huungua kwa shida ya hewa, na moto wa shida ndio wenye sumu nyingi. Fukia kaa lako katika jiko la nje. Katika chumba cha kulala, kamwe.

Bibi yule alikata shauri mwenyewe, wala si kwa hotuba yangu. Moto ukahamia uwani. Mawe yalipashwa joto huko, yakafungwa kwa kanga kuukuu tabaka nyingi, yakaletwa chumbani. Maji ya kumkanda mzazi yaliendelea kama kawaida. Mtoto alivikwa kofia na soksi, akalazwa kifuani pa mama yake, kwa maana kifua cha mama ni joto la kutosha kwa mtoto wa Unguja, na hospitali nazo zafundisha hivyo. Desturi haikuvunjika. Ilitolewa makaa tu.

Ikiwa mtu amekutwa amezimia katika chumba chenye mkaa, fungueni mlango na madirisha, mkamtoe nje penye upepo upesi. Anayeingia kumtoa asikae ndani kutazamatazama. Apelekwe hospitali hata kama ameamka na anasema hajambo, kwa sababu madhara mengine huja baadaye. Na mtoto akiungua kwa moto au uji, mmiminieni maji safi ya baridi ya kawaida dakika 20. Dawa ya meno, majivu, ute wa yai na mafuta visipakwe.

Sasa juu ya namna ya kuupunguza moto huko milimani, ambako haja yake ni kubwa kuliko kwetu na hauwezi kukatwa siku moja. Anzeni na saa, kisha kuni. Washeni moto mapema, jua linapotua, mpike, muote wakati wa chakula mlango ukiwa wazi kidogo, wala kuni mpya isiongezwe baada ya chakula. Watu wahamie kulala moto umekwisha, kila mmoja na blanketi lake. Baada ya wiki moja, yule aliyesema hawezi kulala bila moto atakuwa hakumbuki alisema. Msiuzime kwa maji ndani ya nyumba: mvuke hurusha majivu na waweza kumbabua aliye karibu. Vinga virudisheni nyuma, vitenganeni, vitazimika vyenyewe. Kinga kimoja hakikai na moto. Viwili vikigusana ndipo huwaka.

Nyumba za zamani za wamisionari na walowezi kule Lushoto na Njombe zina majiko ya ukutani yenye bomba la moshi. Mkaao humo, mkimaliza msimu pigeni masizi ya bombani kwa ufagio mrefu. Masizi yakiwa mazito yaweza kushika moto yenyewe ndani ya bomba, na ndege hupenda kujenga humo wakati jiko limelala. Mwaka ujao mtawasha, na moshi wote utarudi sebuleni.

Majivu ni mali, lakini yana masharti. Kaa hukaa hai ndani ya jivu siku nzima na zaidi, basi majivu yasitiwe katika ndoo ya plastiki wala yasimwagwe karibu na ukuta wa makuti au majani makavu, hasa Demani inapokausha kila kitu. Wekeni katika debe la bati, mbali na nyumba. Yakipoa kabisa, udongo mwekundu mchachu wa milimani huyafurahia, yakinyunyizwa kidogo kidogo kama chumvi. Katika shamba la viazi msiyapende sana, kwa kuwa huleta upele wa ngozi ya viazi. Wala yasichanganywe na mbolea ya chumvichumvi ya urea, yataifukuza nguvu yake hewani. Na sisi wa Makunduchi tusiige jambo hili. Ardhi yetu ni mawe ya matumbawe, yaani chokaa tupu. Kuitia majivu ni kumpa mlevi tembo. Yetu yafaa chooni na katika kusugulia masufuria.

Mtasema: mbona husemi juu ya gesi? Nasema. Mwezi wa Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha kwamba kufika mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi. Mwezi huo huo kulikuwa na mkutano mkubwa mjini Paris juu ya upishi safi katika Afrika, na Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mmoja wa viongozi walioukalia kiti. Watu wa hapa hupenda kukumbusha kwamba yeye ni mzaliwa wa Makunduchi, mwaka 1960. Yaani amezaliwa katika mji huu huu wa kuni za porini, vifuu na makumbi ya nazi. Ni kazi njema, na mwenye uwezo wa kununua mtungi anunue. Lakini mkakati ni wa kupikia. Mafiga ya Makete yana kazi mbili: hupika, na hupasha nyumba joto. Gesi itachukua kazi ya kwanza, na baridi ya Julai itaidai ile ya pili. Asiyekuwa na blanketi la kutosha na dari atawasha mkaa chumbani hata kama mtungi uko jikoni. Basi fedha ya kwanza itakayobaki baada ya mavuno, mzee wa nyumba, ingenunua mablanketi kabla ya redio mpya.

Na kuni za mwaka ujao ni za kutafutwa sasa hivi, moto ukizimika. Wengi hungoja baridi irudi, ndipo wakate mti mbichi na kuuwasha wiki hiyo hiyo. Kuni mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji, na sehemu ya moto wako itatumika kuyachemsha hayo, na moshi wake ndio ule mzito wa kutoa machozi. Kuni iliyokatwa Septemba, ikapasuliwa, ikapangwa, itakuwa kavu Juni, nayo itakupa joto zaidi kwa vipande vichache. Miti nayo hupumzika. Huku kwetu vichaka vya uwanda vimekuwa haba, na wanawake huenda mbali kila mwaka kutafuta mzigo ule ule.

Pangeni juu ya mawe au magogo mawili, zisiguse udongo, kwa ajili ya mchwa. Upande wa magome uwe juu, upande uliopasuliwa uwe chini. Funikeni juu tu kwa bati kuukuu au makuti, na pande zote ziachwe wazi upepo upite. Zisipangwe dhidi ya ukuta wa nyumba, kwa maana nyoka hupenda mahali hapo kuliko kuni zenyewe. Vuli ikianza, angalieni kama maji hayaingii.

Seredani je? Ioshwe masizi, ikaushwe, ifunikwe kifudifudi kibandani. Yule bibi jirani yangu ameigeuza yake kuwa kiti cha kuku anayeatamia.